Mama wa Juu na Udongo Uliokuwa Ukimtoroka

Kwa watu wengine unapangusa miguu unapoingia. Kwake ulipangusa unapotoka. Alikuwa ameweka jiwe bapa mwisho wa uwanja wake, pale njia inapoanza kuteremka, na kila mgeni, awe katekista, awe mnunuzi wa maharagwe, alisimama juu yake akakwangua viatu kwa kijiti mpaka matope yote yabaki. Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, nami nilivaa mabote ya plastiki yaliyojaa matope hadi kwenye kifundo. Nikalipita jiwe. Akaniita kwa sauti ya kawaida, bila hasira.

"Mutoto yangu, rudia. Ile udongo iko yangu. Haina safari."

Nikarudi, nikakwangua. Alikusanya yale matope kwa kiganja akaenda kuyatupa kwenye shina la mgomba. Halafu akanitakia njia njema, kana kwamba hakuna kitu cha ajabu kilichotokea.

Tulimwita Mama wa Juu. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hata padri alipokuja kwenye shirika, ile jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja, alimwita hivyo. Shamba lake lilishika sehemu ya juu kabisa ya kilima kimoja karibu na Kingi, huko Masisi, kilima kilichosimama wima kiasi kwamba ukidondosha kiazi unakwenda kukiokota kwa jirani. Jirani mwenyewe alikuwa mzee mwenye shamba lililoanzia pale la kwake lilipoishia na kushuka hadi kwenye kijito. Huyo, kwa sababu hiyo hiyo, alikuwa Papa wa Chini.

Mimi niliacha shule mapema, na tangu hapo miguu yangu haijakubali kukaa mahali pamoja. Nimesukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, kwenye miteremko, nimechunga ng'ombe wa watu Burungu, nimevuta nyavu Bweremana, nimebeba mizigo ya mawe ya madini mgongoni katika misitu ya Walikale. Kila nilipopita Masisi nililala kwake, katika kijumba cha jikoni, na asubuhi nilimsaidia kulima. Ndivyo nilivyomjua, kwa vipande vipande, miaka mingi.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alipanda kilima bila kuinamisha kichwa, huku akizungumza. Aliongea na udongo kama watu wanavyoongea na ng'ombe mkaidi. Aliuita mjinga, aliuita mwizi, aliuuliza unakwenda wapi na chakula cha watoto wa watu. Lakini yeye mwenyewe aliuvuta kwenda chini. Hilo nililiona siku za mwanzo, na lilinisumbua kwa sababu kila kitu hunisumbua mpaka nijue sababu yake.

Huko kwenye vilima vyetu, mkulima huanzia chini ya shamba, uso ukitazama mlima, na hupanda taratibu akilima. Kila pigo la jembe huvuta udongo kuelekea miguuni, yaani kuelekea chini. Mvua isiponyesha hata tone, shamba bado limeshuka kidogo. Msimu baada ya msimu, babu na mjukuu, wote wanavuta. Ndiyo maana sehemu ya juu ya shamba lake ilikuwa imepauka, vijiwe vimejitokeza, maharagwe yake mafupi na ya manjano, wakati kwa Papa wa Chini yalipanda miti kama nyoka.

Nilimuuliza kwa nini tusianze juu, tukashuka. Alinipa jembe akaniambia nianze. Nikasimama juu, nikageukia bonde, nikainama. Damu yote ilinijia kichwani, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimeviringika mpaka kwenye mihogo. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema nimefanya vizuri, sasa kilima kimepata mbolea ya kaka mmoja.

Kwa hiyo aliendelea kulima kama wote, akiushusha udongo kwa jembe, na mvua zilipokwisha aliupandisha kwa kikapu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na watu walimjua nayo hadi sokoni. Alishuka kwa Papa wa Chini na kikapu mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, akachota udongo mweusi uliojikusanya mpakani, akapanda nao. Siku nzima. Papa wa Chini alikaa mlangoni kwake na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, akimtazama, na maneno yao yalikuwa yale yale kila mwaka, kwa Kiswahili chetu, ambamo "njo" ni "ndiyo".

"Mama, unaniibia."

"Papa, nakamata yangu. Ilipotea njia."

"Mvula njo iliileta. Enda usemeshe mvula."

"Na wewe ulisema aksanti kwa mvula? Hata siku moja sikusikia."

Walifika hadi kwa chefu wa kijiji. Mama wa Juu alidai kwamba udongo ulitoka shambani kwake, kila mtu aliuona ukitoka, basi ni wake popote utakapolala. Papa wa Chini alidai kwamba kilicholala kwake ni cha kwake, na kama si hivyo basi hata maji ya kijito ni ya watu wa mlimani. Chefu aliwasikiliza asubuhi nzima, mwishowe akasema Mama aruhusiwe kuchota kabla ya kupanda, ila mbegu ikishachipuka asitie mguu. Wote wawili walitoka pale wakisema wameonewa, na wote wawili walifuata hukumu ile bila kukosa.

Usidhani walichukiana. Mke wa Papa wa Chini alipougua, ni Mama wa Juu aliyeshika mbele ya kitanda cha kubebea wagonjwa hadi barabarani, na njia nzima hakutaja udongo. Aliutaja waliporudi.

Kanisani alikuwa hivyo hivyo. Siku ya kupakwa majivu, padri alipowakumbusha waumini kwamba wao ni mavumbi, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za shamba lake. Nje ya kanisa aliniambia ameshawaeleza wanawe wamzike juu kabisa, karibu na mti wa mpaka.

"Mbele ya kufika kwa Papa wa Chini," alisema, "nimalize kwanza miaka mingi huku juu."

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alilaani mbuzi wote wa kijiji kwa sababu kwato zao huvunja ardhi, na hapo hapo alikuwa na mbuzi wake mmoja mweupe, mharibifu kuliko wote, aliyeruhusiwa kulala ndani. Alikataa kabisa kupanda mkaratusi kwa sababu unakunywa maji ya jirani zake, lakini aliponiona napita na mbao za mkaratusi kwenye chukudu aliomba nimwachie moja ya kitanda. Hakujua kusoma, na alipenda kusomewa. Nilikuwa nikimletea kipande cha gazeti kilichofungia sabuni, nikisoma, naye akiuliza maswali ambayo gazeti halikuyajibu.

Swali lake kubwa kwangu lilikuwa moja. Kijito cha Papa wa Chini huingia katika mto, na mto ule hautafuti ziwa, unageuka kuelekea machweo, unakwenda Walikale. Kila niliporudi kutoka huko aliniuliza kama nimeona maji yakipita. Nilimwambia nimeona. Ya rangi gani? Mekundu, Mama, mazito, kama chai ya maziwa. Akauliza kama watu wa kule wamepanda chochote katika udongo uliofika. Nilimwambia kule watu wanachimba mashimo, wengi hawapandi. Hilo lilimuuma. Udongo wake ulisafiri mbali hivyo, na kufika kwa watu wasioutaka.

Hapa lazima nimtaje mwanawe wa mwisho, kwa kuwa Mama wa Juu hakuwa na hofu nyingine duniani. Wengine walikuwa wameshatawanyika, mmoja Goma, mmoja ng'ambo ya mpaka, mmoja vita vilimpoteza na hatukuuliza. Huyu wa mwisho alikuwa ameoa, ana mtoto mdogo, analima na mama yake. Jioni zote nilizokaa pale alinivuta pembeni niseme habari za Walikale. Mama alitaka niseme mashimo yanavyoporomoka. Kijana alitaka niseme habari za wale waliorudi na pikipiki. Nilisema zote mbili, kwa sababu zote mbili ni kweli, na kila mmoja alisikia ya upande wake.

Siku moja mavuno yalipokuwa haba mno, kijana alimwambia mama yake mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Mama, udongo yote iko Walikale. Muniache basi niifuate."

Alisema atapanda msimu mmoja tu zaidi. Shamba lisipozaa, yeye anaondoka, na mkewe anarudi kwa wazazi wake. Mama wa Juu alichukua kikapu, ingawa haikuwa wakati wa kikapu, akashuka.

Kabla ya siku hiyo alikuwa amepita agronomu, mtaalamu wa kilimo, mwanamke kijana wa mradi fulani, mwenye subira. Alimweleza Mama wa Juu kwamba asihangaike kupandisha udongo, auzuie tu usishuke. Apande mistari ya mabingobingo, yale majani marefu wanayolishwa ng'ombe, ikate shamba kwa ubavu, na kila mstari utakamata udongo nyuma yake. Alikuwa sahihi, na alilieleza vizuri. Mama wa Juu alikataa. Alisema mstari mmoja wa majani unakula mistari miwili ya maharagwe, na yeye hana maharagwe ya kulisha majani. Mtu aliyekwangua viatu vya wageni kwa ajili ya konzi ya matope alikataa dawa yenyewe kwa sababu ya mistari miwili. Agronomu aliaga, akapangusa miguu yake vizuri juu ya jiwe, akaenda.

Aliyepanda ni mkwe wake, mke wa yule kijana. Hakupanda kwa ajili ya udongo. Alichoka kwenda mbali kutafuta majani ya mbuzi mweupe, basi akachukua vipande vya shina kwa rafiki yake akavichomeka katikati ya shamba, kuvuka kilima kwa ubavu, siku ambayo mama mkwe alikuwa sokoni. Mama aliporudi alifoka, lakini mbuzi alikuwa ameshaonja, na mbuzi alikuwa na sauti katika nyumba ile.

Nilikwenda Bweremana, nikakaa huko. Kisha vita vikasogea na watu wa kilima kile wakakimbia kwa miezi, kama walivyokimbia mara nyingine, na wakarudi. Nilipofika tena Kingi, ule mstari ulikuwa umenona bila mtu wa kuukata, na nyuma yake udongo ulikuwa umejaza ukingo mrefu kufikia gotini. Juu ya ukingo ardhi ilianza kulala, kama mtu aliyechoka kusimama. Ulikuwa udongo mweusi, laini, unaoshikana kiganjani kisha unaachia. Mama wa Juu alinipeleka kuuona kabla hajanipa hata maji ya kunywa.

Papa wa Chini naye alikuja kuuona, na hapo ndipo nilipocheka kuliko siku zote. Alikuja na malalamiko. Tangu majani yale yaote, alisema, shamba lake halipati kitu. Kwa miaka yote alikula kutoka juu, sasa mlango umefungwa, na maharagwe yake yameanza kukonda. Alitaka chefu aite kikao. Mama wa Juu alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa.

"Sasa udongo imekuwa yangu?" aliuliza. "Leo njo umekubali?"

Lakini huu ulikuwa ule msimu wa mwisho ambao kijana aliuahidi, uliosogezwa na vita, na Mama alikuwa na haraka. Alitazama ukingo ule mnene. Alitazama sehemu ya juu ya shamba, bado imepauka, bado ina vijiwe. Na akafanya kosa ambalo kila mkulima wa vilima vyetu hulifanya, kwa sababu kila mmoja wetu akiona udongo mweusi umerundikana mahali pamoja, mkono wake huenda kwenye jembe. Asubuhi moja aliwahi mapema akaung'oa ukingo. Alichimba majani pamoja na mizizi, akausambaza udongo juu, akapanda maharagwe. Mkwe wake alipofika na kamba ya kufungia majani ya mbuzi, kazi ilikuwa imekwisha. Binti yule alikaa chini pale pale.

Mvua ilikuja mchana, wiki ile maharagwe yalipoanza kutoa majani. Nilikuwa chini ya paa la jikoni pamoja nao. Ilikuwa mvua kubwa lakini si ya ajabu, ya kawaida ya msimu. Tuliona maji yakikusanyika juu, yakitafuta, na yalipofika pale ukingo ulipokuwa hayakukuta kitu. Udongo ulioachiwa ulishuka wote kwa pamoja, na maharagwe, na vipande vya mizizi, ukachimba mfereji katikati ya shamba na kwenda kulala kwa Papa wa Chini, juu ya maharagwe yake yaliyochipuka. Mvua ilikatika. Yule kijana aliingia ndani, tukamsikia akikunja nguo zake kwenye mfuko.

Mama wa Juu alichukua kikapu akashuka. Nilimfuata kwa kuwa niliogopa kilima kilivyokuwa kinateleza. Papa wa Chini alikuwa amesimama katikati ya shamba lake, matope mpaka kwenye kifundo, na nilingoja kicheko chake, au hasira yake, kwa sababu alikuwa na haki ya vyote. Udongo aliouomba ulikuwa umemjia, na ulikuwa umemzika.

Mama alisimama mpakani. Hukumu ya chefu ilikuwa bado inafanya kazi, mbegu zilishachipuka, hakuruhusiwa kutia mguu. Hakuutia.

"Papa," alisema, "ni mimi njo niliikata. Si mvula."

Papa wa Chini akainama, akachota udongo kwa mikono yote miwili, akamwekea kikapuni.

"Ingia," alisema. "Hapa hakuna tena mbegu ya kulinda."

Kesho yake alikuja na wanawe, wake zao, na watu wa shirika waliomaliza kusali mapema. Ilikuwa kazi ya pamoja, ile tunayoiita salongo, ila hakuna mkubwa aliyeiitisha. Vikapu vilipanda kilima kimoja nyuma ya kingine. Papa wa Chini alikuwa na sharti lake, na alilisema kwa sauti ili wote wawe mashahidi: apewe vipande vya mabingobingo, apande mstari wake mwenyewe pale mpakani na mwingine juu ya kijito, kwa sababu alikuwa ameshaelewa kwamba na yeye ana wa chini yake, na wa chini yake ni Walikale. Mkwe wa Mama wa Juu ndiye aliyewaonyesha wote jinsi ya kuvichomeka, na mama mkwe wake alishika kikapu akapokea amri kimya kimya, jambo ambalo kijiji kilizungumzia hadi Noeli.

Yule kijana naye alibeba. Alisema atabeba siku hiyo tu. Mfuko wake wa nguo ulikaa nyuma ya mlango mpaka mistari ikapandwa, ukaendelea kukaa mpaka maharagwe ya kupandia mara ya pili yakatiwa ardhini, na mimi nikaondoka kabla sijajua mwisho wake. Mavuno, nilisikia baadaye, hayakuwa makubwa. Yalitosha mbegu na chakula.

Mwaka huu nimepita tena. Niliona kilima kutoka mbali kabla sijaona mtu: mistari ya kijani ikikivuka kwa ubavu, kwake, kwa Papa wa Chini, na kwenye kilima cha jirani ambacho hakikuwamo katika ugomvi wowote. Bado kuna mahali pekundu, palipokwanguka, na sidhani mimi nitapaona pakipona. Lakini kijito kilikuwa na maji ambayo ungeweza kuona mawe ndani yake, ingawa mvua ilikuwa imenyesha jana yake.

Mama wa Juu hapandi tena kilima. Magoti yamekataa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chini ya shamba lake, mpakani, karibu na Papa wa Chini aliyekuwa akimenya mihogo ya wote wawili. Alikuwa amekasirika, na kwa jinsi alivyonisalimu nilijua si mimi niliyemkasirisha. Akanyoosha kidole juu.

Pale nyuma ya mstari mkubwa, ambapo udongo umejaa miaka yote hii mpaka ardhi ikalala kabisa, pale ambapo hata jembe halikutani na jiwe, mwanawe alikuwa anasimamisha nyumba. Si ya majani. Nguzo nene, mbao zilizopigwa randa, na mabati yakingoja chini ya turubai. Mkewe alikuwa akimpa misumari mmoja mmoja. Mtoto wao, mkubwa sasa, alikuwa akikanyaga sakafu ili iwe ngumu.

Mama alisema nimtazame huyo mjinga. Kilima chote kina mawe, chote kinateremka, na yeye amechagua mahali pamoja tu penye udongo mzuri. Papa wa Chini alisema, bila kuinua macho kwenye mihogo yake, kwamba nyumba hutaka mahali palipolala, na hakuna mahali pengine palipolala isipokuwa pale ambapo Mama mwenyewe amepalaza. Mama akamwambia anyamaze, yeye alishapata udongo wa kutosha maishani.

Nikamwambia polepole kwamba mabati yale si ya mtu anayekwenda Walikale. Mtu hagongi misumari hivyo kama hatabaki.

Alitazama juu, mikono juu ya magoti yake mabovu. Nyundo ilikuwa ikigonga, na sauti yake ilitufikia ikiwa imechelewa kidogo.

"Anabaki, njo," alisema. "Lakini angebaki pembeni kidogo."